Alijua Kabla Yake

Walikutana benki mwisho wa mwezi, foleni imejikunja mpaka mlangoni. Dada mmoja wa maabara, gauni la zambarau, koti jeupe mkononi, alirudi nyuma akamkanyaga kinyozi mtanashati aliyekuwa nyuma yake.

"Samahani, kaka yangu!"

"Kanyaga tu. Na mguu huu mwingine pia, usije ukaona wivu."

Alicheka mpaka mlinzi akageuka. Haikuchukua muda, wakawa wanaitana mpenzi.

Kisha kinyozi akaanza kukohoa. Hospitali anakofanya kazi mpenziwe, wakakata kipande cha uvimbe kifuani. Dada alipoinamia darubini, aliona saratani, na chembe za kinga, walinzi wa mwili, zimeizunguka zimetulia tuli. Akasoma jina la mgonjwa. Lilikuwa la mpenzi wake.

Kutoa jibu ni kazi ya daktari. Kinyozi akampigia simu, hakuipokea. Ikaita tena.

"Nimebanwa na kazi," alijibu jioni, sauti kavu.

"Umepata mwingine?"

Dada akasema anaitwa maabara.

"Haya. Nimeelewa."

Daktari alipomweleza, ndipo kinyozi alipoelewa kweli. Akapiga simu.

"Ulijua ukaninyamazia?"

"Sikuruhusiwa kusema, mpenzi. Na niliogopa kukutazama."

Akakata.

Akaanzishiwa dawa ya kuwaamsha wale walinzi, maana saratani huwalaghai wakaiona ndugu. Uvimbe ukanywea. Lakini walinzi walioamka wakayageukia mapafu yake yenyewe, akalazwa, hewa anaivuta kwa mpira. Dada yake kinyozi ndiye aliyempigia mpenziwe simu maabara.

"Wifi, njoo. Anakutaka, ila kiburi kimemkaba."

Alifika mbio, macho mekundu.

"Wamesimamisha dawa," kinyozi alisema kwa shida. "Sasa wanawatuliza hao walinzi wako. Wakitulia, saratani je?"

Mpenziwe alimtazama usoni. "Inaweza kurudi."

"Leo umesema."

"Nitakuambia kila kitu, mpenzi wangu. Hata kibaya."

"Basi niambie na hili: utaolewa na mtu asiye na pumzi hata ya kukubembeleza?"

"Nitaolewa naye."

"Usinionee huruma."

"Huruma ningeileta na matunda, nikaondoka."

Walioana wodini, dada yake kinyozi akiwa shahidi, bwana harusi ameketi kitandani kwa kuwa kusimama kulimmaliza. Walipata miezi michache ya nyumba moja, mto mmoja. Kisha uvimbe ukarudi. Daktari alitaka kumwita ofisini, lakini mgonjwa alikuwa ameshaomba habari zake zipitie kwa mkewe. Mkewe alimwambia jikoni, akiwa amemshika mikono yote miwili, na hakuiachia.