Sauti Iliyozikwa Chini ya Wimbo

Jua lilikuwa linazama Barnabé alipotoka kwenye kibanda chake cha muziki, kambini Kakuma, kaseti mkononi. Wimbo wa mkewe, Félicité, ulikuwa safi kwenye hedifoni. Lakini hedifoni hudanganya. Ndiyo maana kila wimbo aliujaribu kwanza kwenye redio za watu.

Na huu ulikuwa na siri.

Kaseti ilikuwa na sauti ya Adut akiimba, msichana aliyefia hospitalini Lodwar. Mamake, Anyieth, alimwachia Barnabé amtolee nakala. Barnabé alikosa kaseti tupu. Akaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kaseti isifutwe, akamrekodi Félicité palepale.

"Umefuta mtoto yangu?" Anyieth alimwuliza jana yake. Hakulia. "Kaburi iko Lodwar. Mimi niko hapa. Hiyo sauti tu ndiyo nilibaki nayo."

"Pole, mama. Ni bahati mbaya."

"Sawa. Yeye atajitafutia nafasi."

Kweli, chini ya wimbo ilibaki sauti nyembamba. Barnabé aliishusha, akaishusha, mpaka isisikike tena kwenye hedifoni.

Faiso, mwenye hoteli ya chai, aliitumbukiza kaseti kwenye redio yake. "Ikiwa mbaya, mbuzi zangu watahama!"

Wimbo ukaanza. Sauti nyembamba ilikuwa juu. Félicité alikuwa chini.

Hotelini kukanuka dawa ya hospitali...

"Huyu si bibi yako," Faiso alinong'ona. "Bibi yako umemficha wapi?"

Barnabé aliichomoa kaseti, akakimbilia lori la dereva Abdiladif, lililokuwa likipakia kwenda Lodwar, aijaribu tena. Spika za lori zilikuwa kubwa. Adut aliimba kama yuko kwenye kiti cha mbele. Félicité alisikika kwa mbali, akihema.

"Toa!" Abdiladif alisema. "Toa hiyo kitu kwa gari yangu!"

Barnabé alifika nyumbani na kaseti. Akauvuta mkanda wote, akautupa kwenye jiko la makaa.

Mkanda ukasinyaa.

"Barnabé! Naungua!"

Ilikuwa sauti ya Félicité. Ilitoka ndani ya makaa.

Aligeuka. Félicité alikuwa amesimama mlangoni, mzima, macho makavu. Alikuwa anaimba. Kwa Kidinka, lugha ya kina Anyieth, ambayo yeye hakuijua.

Nje ya ua, mtu alikohoa polepole.

"Adut," Anyieth aliita. "Twende, mwanangu. Umechelewa."

Félicité akatoka bila kugeuka.

Barnabé aliingiza mikono yote miwili motoni. Alichambua makaa, akiita jina la mkewe...

Hakuna aliyeitika.