Uchovu wa Eliana

Kijijini kwetu, karibu na Mkiwa, jogoo anapowika, Mama Alute ameshafagia uwanja. Nadhani jogoo humwonea aibu.

Mkamwana wake, Eliana, alikuwa hodari vilevile. Alilima, alichota maji, alipiga alizeti kwa fimbo mpaka mbegu ya mwisho idondoke. Kwetu alizeti tunapiga kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Asiyekuja husemwa mpaka masikio yamuwashe.

Kisha Eliana akaugua homa kali. Alitibiwa, homa ikaisha. Lakini nguvu hazikurudi. Mvua zikaja, zikaisha, kiangazi kikaingia. Eliana alilala usiku kucha, akaamka hoi, kama aliyebeba mawe ndotoni. Akisimama, kizunguzungu. Leo alisahau chumvi kwenye mboga, kesho aliitia mara mbili.

Siku akipata nafuu, alikimbilia alizeti. Alipiga kutwa nzima ili asiitwe mvivu. Kesho yake au keshokutwa, alianguka kitandani, na kuinuka ikawa shida.

Mama Alute akasimama mlangoni.

"Juzi hapa nyumbani ulipiga alizeti unacheka. Leo zamu ya kwa jirani Scola, unaumwa. Ugonjwa gani huu unaojua zamu?"

"Sijui, mama. Mwili hautaki."

"Kazi hauitaki, ugali unautaka!" Akamgeukia mwanawe. "Alute, mavuno yakiisha, huyu namrudisha kwao."

Eliana akajifunika khanga usoni.

"Kwanza hospitali, mama," Alute alisema.

"Twende wote. Nataka nisikie mwenyewe daktari akimwita mvivu."

Hospitalini, Daktari Witness alimpima Eliana. Alitafuta malaria, kifua kikuu, kisukari, upungufu wa damu na mengine. Hakuona kitu. Akauliza:

"Uchovu unazidi lini?"

"Nikifanya kazi sana, daktari. Lakini si siku ileile. Unakuja baadaye, unaniangusha."

Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Mama, mkamwana wako si mvivu. Wala hajarogwa. Uko uchovu wa muda mrefu unaoweza kubaki baada ya homa kuisha. Nao ni ugonjwa. Akijilazimisha, unazidi."

"Dawa yake?"

"Ya kuumaliza bado haijapatikana. Tutatibu maumivu na kukosa usingizi. Lakini kubwa ni hili: apumzike kabla hajachoka. Siku ya nafuu, asitumie nguvu zote. Wengine hupata nafuu polepole. Na akiona dalili mpya, arudi."

Mama Alute akanyamaza. Mama Alute, kunyamaza! Alute akadhani naye anaumwa.

"Daktari," akasema mwishowe, "kiangazi sisi tunachimba kisima kwenye mchanga wa mto. Ukichota yote kwa pupa, unapata tope. Ukichota kidogo ukasubiri, maji yanajikusanya. Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo hasa, mama."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo!"

Tangu siku ile, Eliana anapepeta mbegu kidogo akiwa amekaa, kisha analala. Kwenye zamu za majirani anakwenda Mama Alute. Scola alijaribu kumchokoza.

"Mama Alute, jua liko utosini, mkamwana wako bado kalala?"

"Kalala kwa amri yangu. Wewe kisima kikiwa kinajaa, unakikoroga?"

Scola akainua fimbo, akarudia alizeti yake.

Eliana hajawa yule wa zamani. Lakini sasa haanguki tena kama mwanzo, na chumvi anatia mara moja. Habari za kumrudisha kwao hazisikiki.

Juzi aliamka na nafuu nzuri. Akashika fimbo, akapiga alizeti kidogo, akaanza kuimba. Mama Alute akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Weka fimbo chini!"

"Lakini mama, sijachoka!"

"Ndiyo maana nimekuja sasa," akasema, akamtandikia mkeka kivulini.