Ghala Lililonona

Kila Jumamosi asubuhi, Kasi alifagia chumba cha kompyuta cha shule, akafungua madirisha, kisha akamngoja shangazi yake, fundi wa kompyuta. Jina la Kasi lilikuwa la utani. Msichana huyo alifanya kila jambo mbio. Hata kamba za viatu alizifunga huku akitembea.

Siku hiyo kompyuta zote zilipaswa kufutwa na kuwekewa mfumo mpya. Shangazi alikuwa ameandika maagizo ambayo kila kompyuta ingeyafuata yenyewe: kwanza iunganishe diski zake ndogo ziwe ghala moja kubwa, kisha imimine nakala ya mfumo ndani ya ghala hilo.

"Kompyuta ni mtumishi asiyeuliza," Shangazi alisema. "Nimeiambia ichukue kila diski inayoiona. Kwa hiyo pitisha mkono nyuma ya kila moja. Ukikuta kitu kimechomekwa, chomoa. Ukimaliza vizuri, leo utabonyeza wewe kitufe cha kuanzia."

Kasi aliruka kwa furaha. Siku hiyo aliisubiri kwa hamu tangu muhula uanze. Alipitisha mkono nyuma ya kompyuta za mbele, akazichungulia za kati, na zile za mwisho, zilizobanana na ukuta, akazitupia jicho tu.

"Tayari, Shangazi!"

"Zote?"

"Zote!"

Akabonyeza. Vioo vikawaka kimoja baada ya kingine. Rafiki yake Domo, msichana aliyeongea hata usingizini, akapiga makofi mlangoni.

Kasi alipita akisoma ukubwa wa kila ghala. Maghala yalilingana kama mayai ya kuku mmoja, isipokuwa la kompyuta moja ya pembeni, kati ya zile za ukutani. Hilo lilikuwa limenona maradufu.

"Hongera, hiyo imeshiba!" Domo alicheka.

Kasi hakucheka. Aliinama nyuma ya kompyuta. Diski ya nje yenye kibandiko chekundu ilikuwa imechomekwa.

"Domo! Hii si ndiyo yenye mchezo wetu wa kuigiza?"

Domo alijishika mdomo. Darasa zima lilihangaika kuurekodi mchezo huo, na wazazi walikuwa wamealikwa kuja kuutazama Jumatatu.

"Niliisahau jana," alinong'ona. "Nyamaza! Tutasema iliharibika yenyewe. Ukisema, hutakigusa tena kitufe kile mpaka uote mvi."

Kwenye kioo maneno yakatokea: *Ghala liko tayari. Kumimina kunaanza.*

"Shangazi, simamisha!" Kasi alipaza sauti. "Sikuzikagua za mwisho! Nilikudanganya!"

Shangazi aliruka kiti, akabonyeza. Kioo kikatulia.

"Na diski niliiacha mimi," alisema Domo, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

Shangazi aliichomoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaanza kuitafuta kazi iliyopotea diski hiyo ilipounganishwa na ghala. Wasichana walichungulia juu ya bega lake. Hatimaye picha ikatokea: Domo akiwa mfalme, taji limemwangukia puani.

"Asante Mungu!" Kasi alisema.

"Mngefuta hiyo moja tu," Domo alilalamika, na wote wakaangua kicheko.

"Kilichochanika ni jalada tu, kurasa zilikuwamo," alisema Shangazi. "Tungeanza kumimina, tungeandika juu ya kurasa zenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Wewe ulipiga kelele mtungi umeinama tu."

Kisha akamketisha Kasi kwenye kiti chake, wakayarekebisha maagizo pamoja: kompyuta ichukue diski zilizo ndani yake tu, ikiona ya nje, isimame na kuuliza. Baadaye Kasi akapitisha mkono nyuma ya kila kompyuta, polepole, hadi vumbi likamjaa kiwikoni.

"Haya, bonyeza," Shangazi akasema.

"Mimi? Hata baada ya uongo wangu?"

"Uongo wako umenikasirisha, na wiki ijayo utafagia na ukumbi. Lakini kila mtu hukosea. Mtu wa kumwogopa ni yule anayeona kosa lake akalifunika. Aliyeweza kusema 'simamisha' huku akijiaibisha, huyo naweza kumwachia aseme 'anza'."

Kasi alizitazama kompyuta zote kwa mara ya mwisho, hata zile za ukutani. Ndipo akabonyeza.