Nani Kachana Suruali ya Mizani?

Unga wa lishe ulikuwa umeyeyuka. Rafu za stoo ya zahanati zilibaki tupu, na nje akina mama walikuwa foleni, watoto mgongoni, wakisubiri mgao wao wa serikali.

Inspekta, mwanamke mfupi mwenye macho makali, alikagua kitasa. Kizima.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu, afande," muuguzi alijibu. "Bosi kashasema: unga usipoonekana leo, kazi sina. Na watoto hawa watarudi mikono mitupu."

"Umeunywa wewe uji wao?"

"Mimi? Nitazame! Sare inanibana bila hata kuonja uji wa mtu!"

Foleni ikacheka.

Inspekta akageukia dirisha. Nondo imara, ila mbili za katikati zilikuwa zimefutika vumbi. Akajaribu kupita. Mkono ukakubali, bega likagoma.

Kisha akaiona mizani ya watoto, ile ya kuning'inia. Suruali ya kupimia, ambayo mtoto huvalishwa kisha akatundikwa kwenye ndoano, ilikuwa imechanika msamba mzima.

"Jana ilikuwa nzima, afande," muuguzi alishangaa. "Mtoto gani huyo?"

"Mwenye ndevu."

Nje, mlinzi wa zahanati, kijana aliyebatizwa Sindano kwa wembamba wake, alikuwa akituliza foleni. Inspekta akatoka na muuguzi, akauvuta mlango wa stoo. Pap! Ukajifunga.

"Lo! Ufunguo wa muuguzi nimeuacha ndani," Inspekta akasema kwa sauti. "Tuvunje?"

"Msivunje, afande, mimi nipo!"

Sindano akachomoka mbio hadi dirishani. Akatanguliza kichwa, akalaza bega, akatoa pumzi, akazama ndani. Bila hata kutazama chini, akairuka ndoo iliyokuwa chini ya dirisha. Mlango ukafunguka, naye kajaa tabasamu.

Inspekta akaitazama ndoo, kisha dirisha.

"Umepita vizuri," Inspekta alisema. "Mara ya ngapi?"

"Ya tatu, af..." Akaziba mdomo. Maji yameshamwagika.

"Unga uko wapi?"

"Kibandani kwangu, chini ya kitanda. Nimekula pakiti chache tu."

"Unauza?"

"Siuzi! Nataka kuoa, afande. Mama mkwe kasema hamwozi binti yake kwa kamba ya kuanikia nguo. Halafu nikamsikia dada muuguzi akiwaambia akina mama, 'Mpe huu, mwezi ujao utamkuta kanona.' Nikasema, kwani mimi si mtoto wa mtu?"

"Na suruali?"

"Nilikuwa napima maendeleo."

"Ukakuta umeongezeka?"

Sindano akainamisha kichwa. "Nimepungua. Tumbo linaniendesha."

Muuguzi akashika kiuno. "Unaupikaje?"

"Kupika? Si unakoroga tu na maji ya bomba?"

Foleni ikavunjika mbavu. "Shemeji, ungetuuliza!" mama mmoja akapaza sauti, akijifuta machozi.

"Na ungenenepa," Inspekta akauliza, "dirishani ungepita vipi tena?"

Sindano akaligeukia dirisha. Hilo hakuwa amelifikiria.

Maboksi yakarudishwa, karibu yote. Muuguzi akaanza kugawa, akiimba kwa sauti ambayo hakuna aliyemwomba.

Inspekta akamtia Sindano pingu. Zikateleza, zikadondoka sakafuni. Akamfunga tena, akazibana mpaka mwisho. Zikadondoka.

"Basi zishike mwenyewe," akasema. "Twende."