Machipukizi ya Lavender

Jumapili asubuhi Drusilla alichimba machipukizi sita ya mgomba, akayatia kwenye gunia, akampigia mtu wa bodaboda. Yalikuwa ya bintiye Lavender, aliyeolewa Marani mwaka huo. Mume wa Lavender, Mose, alikuwa ameshachimba mashimo.

Jirani wa Drusilla, Ongeri, aliyefundishwa kilimo cha ndizi, akasimama njiani.

"Mama Lavender, mbona ule mgomba una majani ya njano?"

"Ni jua tu."

"Jua gani, na juzi mvua imeangusha choo changu?"

Drusilla alicheka, akaendelea kufunga gunia. Ongeri alichukua panga, akakata ndizi moja mbichi ya mgomba ule. Ndani ilikuwa imeoza, rangi ya kahawia.

"Huu ni mnyauko, ugonjwa unaoua migomba. Usipeleke hata chipukizi moja. Na hili panga lichomwe motoni kwanza, lisibebe ugonjwa."

"Lakini haya nimeyatoa kwenye shina lingine! Ona yalivyo kijani."

"Mama, mashina yako yote ni mgomba mmoja. Zamani sana ndizi za mwituni zilikuwa na mbegu ngumu. Popo na nyuki walibeba unga wa ua hili hadi ua lile. Mbegu ikawa na baba na mama, watoto wakatofautiana. Ugonjwa ukiua huyu, yule anabaki. Kisha zikatokea ndizi chache zisizo na mbegu. Watu wakazipenda, wakawa wanapanda machipukizi tu. Chipukizi si mtoto. Ni mama yuleyule ameota tena. Kinachomuua mmoja kinaweza kuwamaliza wote."

"Sasa kama hakuna mbegu, nyuki wanafuata nini hapa?"

"Ua halijui. Bado linatoa utamu wake kama zamani. Nyuki anatoka kwa ua gonjwa, anaingia kwa zima akiwa amebeba ugonjwa."

Drusilla alimpigia Lavender simu.

"Mama, wifi zangu wanangoja! Nitawaambia nini?"

"Waambie mama yako amekataa kukuletea ugonjwa."

Lavender alikata simu.

Mama mwenzangu unayesoma hadithi hii, usidanganywe na rangi ya kijani. Chipukizi linaweza kuwa gonjwa na bado linapendeza.

Drusilla aling'oa mashina yaliyougua. Kwa yale mazima, kila chana ya mwisho ya mkungu ilipotokea, alivunja ua la zambarau kwa kijiti chenye panda, bila kisu, ili nyuki wasilifuate. Lavender naye alinunua miche safi kwenye kitalu.

Mwaka uliofuata Drusilla alienda Marani. Alimkuta binti yake chini ya mkungu wa kwanza, kijiti mkononi, akimfokea mumewe:

"Mose, weka hilo panga chini! Ulilichoma?"