Kitambaa Kilichopitisha Pumzi

Maiti ililala chali chini ya mlima, macho wazi, mikanda ingali imeibana kifuani. Kando yake parachuti lilitanda, likiinuka na kushuka taratibu. Inspekta alilamba kidole akakiinua. Hapakuwa na upepo wa kusema.

"Afande, hili dude linahema," koplo alinong'ona.

"Acha mambo yako. Shika upande ule."

Marehemu walimwita Kapteni. Alifundisha watu kuruka kutoka mlimani, na ndiye aliyekagua maparachuti yote ya klabu. Alfajiri ile aliruka peke yake, parachuti likapasuka hewani. Wenzake walishika vichwa. Kweli, mganga hajigangi.

Inspekta alivuta kitambaa kidogo tu, kikachanika. Akaweka mdomo mahali pasipochanika, akapuliza. Upande wa pili koplo aliruka.

"Mama yangu! Kimenipulizia usoni!"

Kitambaa kizima cha parachuti hakipitishi pumzi. Hapa hapakuwa na tundu hata moja, na bado pumzi ilipita. Mchana maabara ikatoa jibu: nyuzi zimeliwa na jua, tena jua la miezi mfululizo.

"Basi ni uchakavu, afande. Tufunge jalada."

"Subiri. Kiinue kwenye mwanga."

Kitambaa kilikuwa kimepauka, lakini mistari myeusi ilikatiza huku na huku, mmoja umepinda. Kilikuwa kivuli, na chenye kivuli hakikuwapo. Inspekta hakuona haya kukiri moyoni kwamba anaogopa.

Jioni walifika karakana ya klabu, maparachuti yanakotunzwa. Dada wa marehemu, mshonaji wa maparachuti, alikuwa kwenye cherehani.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa, afande."

Inspekta alikibeba kitambaa hadi dirishani, akakibana kwenye nondo. Mistari ikaoana na nondo moja moja, hata ile iliyopinda.

"Nani alilitundika hapa?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mimi. Kiangazi kizima, kaka alipokuwa safarini."

"Ndugu yako wa tumbo moja! Alikukosea nini?"

"Mume wangu alianguka mwaka jana. Parachuti lake nililipeleka kwa kaka alikague. Mkoba niliufunga kwa fundo langu mwenyewe. Ulirudi na fundo lilelile, halijaguswa, naye akaniambia, 'Nimelipima, shemeji aruke tu.' Nikamwamini. Nani asiyemwamini kaka yake?" Akaukata uzi kwenye cherehani. "Baada ya mazishi nilimwuliza. Akacheka. Eti kazi ya Mungu haina makosa."

"Ndipo ukaamua kumuua."

"Niliamua kumngoja. Mistari hiyo hata mtoto angeiona. Angelikunjua parachuti nyumbani, akalitazama kwenye mwanga mara moja tu, angekuwa hai. Jana nilimwuliza, 'Kaka, umelikagua?'"

"Akasemaje?"

"'Liko sawa.'"

Koplo alitoa pingu. Nje, juu ya mlima, maparachuti mawili yalikuwa yakielea kimya. Inspekta aliyaona, akamgeukia mwanamke.

"Yale pale! Nayo aliyapitisha yeye? Sema upesi, kuna watu kule juu!"

Mwanamke alinyoosha mikono afungwe.

"Tulia, afande. Yale nimeyapima mimi, moja baada ya jingine, tangu nilipomzika mume wangu. La kaka tu ndilo nililomwachia alipime mwenyewe."