Gauni Linalopwaya

Kwa fundi cherehani hapakosi mzaha. Ukichelewa kuchukua nguo yako, anakutishia kwamba ataivaa yeye harusini. Lakini siku kaka yake alipoleta gauni la mama yao, fundi hakutania.

"Lipunguze tena," kaka alisema. "Linampwaya."

"Tena? Mama anakula kweli?"

"Uzee huo, dada. Kama huridhiki, njoo umlee wewe!"

Fundi akalipokea gauni. Mama alikuwa amepoteza kumbukumbu, na kaka ndiye aliyekaa naye. Akalipunguza, kisha akalipeleka mwenyewe. Alipokuwa akimvalisha mama, aliona alama za kamba mikononi. Akamwonyesha kaka yake.

"Anatangatanga," kaka alisema bila kumtazama. "Nikienda kazini namfunga kitandani."

"Na chakula?"

"Anakula nikirudi."

Kesho yake mteja mmoja, afisa ustawi wa jamii, alikuja kujaribu sketi. Alimkuta fundi macho yamevimba. Fundi akamweleza yote.

"Ni kaka yangu wa tumbo moja," alisema. "Nitaianikaje familia? Na ushahidi sina."

"Kutafuta ushahidi si kazi yako, dada. Wewe toa taarifa ya ulichokiona, ofisini kwetu au polisi. Kuchunguza ni kazi yetu. Mtu mzima asiyeweza kujitetea analindwa na sheria, hata dhidi ya mwanawe. Jina lako hatulitangazi ovyo."

"Kaka atafungwa jela?"

"Sijui, na sitakudanganya. Ila mama yuko kitandani sasa hivi, amefungwa."

Fundi aliacha sketi kwenye cherehani, wakaongozana.

Siku hiyohiyo mama alipelekwa hospitali. Alipopata nafuu, akahamia kwa fundi. Kesi ya kaka ilifika mahakamani. Mpaka leo hamsemeshi dada yake, na fundi humlilia, maana bado anampenda.

Mama alinenepa, gauni likambana. Fundi akafumua mishono yake mwenyewe. Kitambaa kikabaki na vitobo vya sindano pande zote mbili.

Mama akavipapasa. "Nani alilipunguza hivi?"

"Mimi, mama."

"Hukuona kwamba nakonda?"

"Niliona, mama. Nilichelewa kusema."

Mama akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono. Kisha akasahau. Akavipapasa tena vile vitobo, akauliza, "Nani alilipunguza hivi?"

Fundi akamjibu tena.